Dakika Nne za Mto Mara: Filamu Moja, Masomo Matano

Mwalimu, usiwaonyeshe filamu nzima. Najua projekta imeazimwa kwa taabu, umeme upo leo na kesho haujulikani, na watoto wameshasikia kwamba kuna sinema. Hata hivyo, saa nzima ya filamu ya wanyamapori huwaacha wanafunzi na furaha tele na madaftari matupu. Chukua dakika nne. Zikichaguliwa vizuri, zitabeba Sayansi, Hisabati, Jiografia, Historia na Kiswahili kwa wiki nzima, na maswali yatakuwa bado hayajaisha.

Nitatumia tukio moja ambalo karibu kila filamu kuhusu Serengeti inalo: nyumbu wakivuka Mto Mara. Linapatikana kirahisi na watoto hulipenda. Lakini nimelichagua hasa kwa sababu ni tukio ambalo jicho likiachwa peke yake hudanganyika. Kamera inaonyesha jambo moja, tarakimu zinasema jingine. Mwanafunzi anayejifunza kuvikabilisha viwili hivyo, picha na hesabu, anapata uwezo atakaouhitaji kila atakaposhika simu maishani mwake.

Kabla ya kipindi

Itazame filamu mwenyewe mpaka mwisho, kisha andika kwenye andalio la somo dakika na sekunde ambapo kipande chako kinaanza na kinapoishia. Kiweke kwenye kompyuta au flashi. Usitegemee bando siku ya kipindi. Vyanzo vipo. Chaneli ya Tanzania Safari ya TBC hurusha vipindi vya hifadhi zetu, Kenya wana mfululizo wa Wildlife Warriors wa Dkt. Paula Kahumbu, na HHMI BioInteractive ya Marekani hutoa bure kwa walimu filamu fupi za kisayansi, ikiwemo ya Serengeti. Hakikisha tu kwamba matumizi ya darasani yanaruhusiwa.

Kama una wanafunzi 70 na kishkwambi kimoja, wagawe. Kundi moja linatazama, mengine yanachora ramani ya mto, kisha wanabadilishana. Kama hakuna umeme kabisa, picha nne za mnato kutoka kwenye kalenda au magazeti ya zamani zinatosha, nawe ukasimulia. Somo hili linategemea zaidi maswali utakayouliza kuliko ukubwa wa kioo.

Waambie watoto mapema kwamba wataona wanyama wakifa majini. Katika darasa lolote la kando ya ziwa, mto au bahari, huenda yupo mtoto aliyepoteza ndugu kwa maji. Mruhusu atoke bila kueleza sababu.

Zima sauti kwanza

Mara ya kwanza, onyesha kipande bila sauti. Muziki wa ngoma nzito na sauti nene ya msimulizi vikishaingia masikioni, mtoto ataona kile alichoambiwa aone. Bila sauti ataanza kuona mwenyewe: wa kwanza kuingia majini walisita muda gani, pundamilia wako mbele au nyuma, ukingo umechimbika kwa kwato kiasi gani, ndege gani wanasubiri.

Kila mwanafunzi aandike alichokiona, kwa maneno ya kuona tu. "Mamba amekamata ndama" inaruhusiwa. "Mamba katili amemwonea ndama" inasubiri, na utawaeleza kwa nini. Halafu rudisha sauti, waisikilize simulizi, wapigie mstari kila neno la msimulizi linalotoa hukumu: jasiri, katili, muuaji, shujaa. Hapo umeshaingia kwenye somo la Kiswahili. Makundi sasa yaandike simulizi yao ya Kiswahili ya dakika nne, wasome kwa sauti huku picha zikienda kimya, mmoja akishika saa. Watagundua kwamba maneno yao ni mengi mno kwa picha zilizopo, watakata, na katika kukata huko ndimo uandishi unamofundishika. Ngeli nazo zitajitokeza zenyewe: atakayeandika "nyumbu inavuka" atarekebishwa na wenzake kabla yako.

Waeleze pia jinsi filamu zinavyotengenezwa. Uvukaji unaoonekana kama tukio moja mara nyingi umeunganishwa kutoka siku tofauti na kamera tofauti, na sauti nyingi za maji na kwato huongezwa studio. Jambo hilo halina ubaya, ila mtazamaji anapaswa kulijua.

Maharage 130

Sasa waulize: kwa kutazama filamu hii, nyumbu wangapi kati ya 100 wanakufa mtoni? Andika makadirio yote ubaoni, bila kusahihisha. Tarajia kusikia 20, 30, hata 50. Filamu imewafundisha hivyo, kwa kuwa kamera haigeuki kuwatazama maelfu wanaopanda ukingo wa pili na kuendelea kula majani.

Kisha wape tarakimu. Kwa miongo kadhaa kundi la nyumbu wanaohama limekadiriwa kuwa takriban 1,300,000. Watafiti wakiongozwa na Amanda Subalusky walichapisha mwaka 2017 hesabu ya mizoga ya Mto Mara, wakapata kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hufa maji kila mwaka. Wanafunzi wagawanye. Jibu ni chini ya nusu ya asilimia moja. Kati ya nyumbu 1,000, ni kama watano.

Hapa ndipo infografiki, yaani mchoro wa tarakimu, inapoingia, na haihitaji kompyuta. Chukua karatasi ya manila, gundi na maharage. Kila punje ni nyumbu 10,000. Wabandike punje 130, mistari 13 ya punje kumi kumi. Halafu waambie wapake rangi nyekundu wale waliokufa mtoni. Subiri ubishi. Punje moja nzima ni nyingi mno, maana ni 10,000, nao wanahitaji 6,250 tu. Kuna atakayependekeza ipakwe nusu, kuna atakayetaka kuikata kwa kisu, na kuna atakayesema rangi izidi nusu kidogo. Waache wabishane, wanafanya desimali na sehemu bila kuambiwa. Mwishoni bango lina shamba zima la maharage na doa jekundu kwenye punje moja, na makadirio ya 30 kati ya 100 bado yako ubaoni pembeni yake.

Swali litakalofuata wataliuliza wenyewe: kama si mto, nyumbu wanakufa kwa nini? Mwanasayansi wa Kitanzania Simon Mduma na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1999 na iliyotumia kumbukumbu za miaka 40, walionyesha kwamba wengi hufa kwa utapiamlo, hasa kiangazi kinapokuwa kikali na majani mabichi yakapungua. Njaa haina mvuto kwa kamera. Inakuja polepole, mnyama mmoja hapa, mwingine kule, na hakuna mpiga picha atakayeketi wiki tatu kuisubiri. Kaa kidogo kwenye jambo hili. Usilipitie haraka kwa kuwa kengele inakaribia kugonga.

Kwa Sayansi, rudi kwenye mizoga. Hiyo 6,250 ina uzito wa tani 1,100 hivi, yaani malori 110 ya tani kumi. Wagawanye tani kwa idadi: kila mzoga unatoka na kilo 176, uzito unaoaminika kwa nyumbu mkubwa, kwa hiyo tarakimu hizo mbili zinapatana. Mzigo huo wote unakwenda wapi? Watoto watasema mamba. Utafiti ulikuta mamba wanakula takriban asilimia 2 tu, na tumbusi na kongoti kati ya asilimia 6 na 9. Kiasi kikubwa huoza majini, kikalisha wadudu na samaki, na mifupa huendelea kutoa fosforasi kwa miaka kama saba. Mlolongo wa chakula uliozoeleka ubaoni, majani kwa nyumbu, nyumbu kwa mamba, hauwezi tena kutosha. Wachore upya, safari hii kukiwa na kambare, funza na mwani unaoota juu ya mifupa.

Mchoro unaokuza kuliko tarakimu

Ukishawafundisha kutengeneza infografiki, wafundishe kuishuku. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 250,000, na kufikia mwaka 1977 walikuwa wamefika 1,300,000. Ni ongezeko la mara 5 na kidogo. Mwambie mwanafunzi achore nyumbu wawili, mmoja wa 1961 na mmoja wa 1977, huyu wa pili awe mrefu mara tano kuliko wa kwanza. Atamchora pia mwenye mwili mpana mara tano, la sivyo atafanana na twiga. Kisha wahesabu miraba ya daftari la hesabu ambayo kila mnyama amefunika. Wa pili amefunika eneo la mara 25. Mchoraji hakubadilisha tarakimu hata moja, na bado mtazamaji ataondoka akiamini ongezeko kubwa mno. Kosa hili limejaa magazetini na mitandaoni. Dawa yake ni ileile ya maharage: chora nyumbu wengi wenye ukubwa sawa.

Zoezi jingine la ukaguzi linatoka kwenye matangazo ya utalii. Husomeka mara nyingi kwamba ndama 500,000 huzaliwa kila mwaka kwenye nyanda za Ndutu, kwamba asilimia 80 yao huzaliwa ndani ya wiki tatu, na kwamba kwa siku huzaliwa ndama 8,000. Wape tarakimu hizo tatu bila maelezo. Asilimia 80 ya 500,000 ni 400,000. Kwa siku 21 inakuja ndama 19,000 kwa siku. Ukienda kinyume, 8,000 kwa siku 21 ni 168,000 tu. Tarakimu tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Usiwape jibu, waandike ni ipi wanaishuku na wangehitaji kujua nini ili kuamua. Darasa la Sita wanaliweza hili vizuri kabisa.

Mishale mitano ya sotoka

Kwa nini nyumbu waliongezeka kiasi hicho kati ya 1961 na 1977? Hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote katika Serengeti, na inachoreka kwa mishale kwenye ubao mmoja.

Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki kuelekea mwaka 1890. Uliua ng'ombe kwa wingi wa kutisha, ukaleta njaa kwa wafugaji, na ukaua nyati na nyumbu pia. Uliendelea kurudi kwa miongo. Kisha ng'ombe wa maeneo yanayozunguka hifadhi wakachanjwa. Chanjo iliyokuja kusambaa duniani iliboreshwa Muguga, Kenya, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake. Ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa hakuna nyumbu aliyechomwa sindano. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote, ugonjwa wa pili kufikia hapo baada ya ndui.

Sasa mishale. Chanjo kwa ng'ombe, nyumbu wengi. Nyumbu wengi, majani yanaliwa yakabaki mafupi. Majani mafupi, mioto ya kiangazi inapungua. Mioto ikipungua, miche ya miti inaokoka. Miti ikiongezeka, kaboni nyingi inahifadhiwa ardhini na kwenye miti yenyewe. Andika kila hatua kwenye kipande cha karatasi, vichanganye, kila kundi livipange na kueleza kwa sauti kwa nini hiki kinafuata kile. Kundi litakaloweka moto kabla ya majani lazima lijitetee. Kisha ondoa karatasi moja, kwa mfano ya majani, uwaulize mnyororo unakatika wapi.

Filamu chache sana huonyesha mnyororo huu mzima, kwa kuwa umechukua miaka na hauna sura. Infografiki inaweza, na ndiyo maana nasisitiza zitumike pamoja. Tukio la sekunde liachie filamu. Jambo la miaka 40 lichore.

Ambao hawamo kwenye picha

Kwa Historia na Uraia, waulize: tangu kipande kilipoanza, mmeona mtu hata mmoja? Kwa kawaida hakuna. Hapo waeleze kuhusu filamu ya Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959 kwa jina lenye maana kwamba Serengeti haipaswi kufa. Walihesabu wanyama kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia; Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na ikaifanya Serengeti ijulikane duniani. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kuwa na wakazi. Mwaka huohuo wa 1959, Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Hifadhi ya Serengeti walihamishwa, wengi wakielekea Ngorongoro, ambako palianzishwa eneo la watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja.

Lishughulikie kwa uangalifu, maana kwa familia nyingi ni jambo la leo. Usiwalazimishe watoto kuchagua upande. Waandike barua mbili fupi za mwaka 1959: moja ya mhesabu wanyama, nyingine ya mfugaji anayeambiwa ahame. Kazi ya mwanafunzi ni kumfanya kila mwandishi aeleweke.

Na kama darasani una mtoto wa mfugaji, mpe nafasi. Wafugaji wanajua tangu zamani kuwaondoa ng'ombe kwenye nyanda wakati nyumbu wanazaa, kwa sababu ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyowadhuru wao lakini huua ng'ombe. Mtoto huyo anaweza kueleza kuhusu msimu huo wa Serengeti jambo ambalo kipande chako cha filamu hakina. Vivyo hivyo na mtoto wa Bunda au Tarime ambaye shamba la baba yake limewahi kuliwa na tembo.

Jiografia nitaipitia kwa ufupi, kwa kuwa ramani inajieleza. Wafuatilie mwaka wa nyumbu: Ndutu kuanzia Desemba hadi Machi, kupanda kaskazini magharibi kuelekea Grumeti kufikia Juni, kaskazini na Maasai Mara kati ya Julai na Oktoba, kisha kurudi na mvua za vuli. Juu ya ramani hiyohiyo wachore Mto Mara kutoka msitu wa Mau, Kenya, hadi Ziwa Victoria upande wa Musoma. Wataona kwamba mti ukikatwa Mau, nyumbu na mkulima wa Tanzania wote wanahusika. Nchi hizi mbili huadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15, tarehe nzuri ya kubandika mabango yenu nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Kama Serengeti iko mbali

Mbinu hii haihitaji nyumbu. Kuna filamu ya mwaka 2005 ya Mark Deeble na Victoria Stone, iliyopigwa Kenya, inayohusu mkuyu na nyigu wadogo wanaouchavusha. Tazameni dakika zake chache, kisha tokeni nje. Mikuyu iko kwenye viwanja vingi vya shule na kando ya mito. Pasueni tunda lililokaribia kuiva juu ya karatasi nyeupe. Mara nyingi mtakuta nyigu wa milimita mbili hivi wakitambaa kati ya mbegu, na lenzi ya bei nafuu itawaonyesha mbawa zao. Wahesabu nyigu katika matunda kumi, watafute wastani, wachore jedwali. Mtoto aliyeona kitu kwenye filamu na kukikuta mkononi mwake nusu saa baadaye hahitaji kuambiwa kwamba sayansi ni ya kwake. Shule ya Pwani ifanye hivyo kwa kaa wa mikoko, kwa kuhesabu mashimo yao ndani ya mraba wa kamba wa mita moja.

Katika kutoa alama, usipime uzuri wa bango. Mwandiko mzuri na rangi nyingi huficha mengi. Mwite mwanafunzi mmoja wa kundi, usiyemtangaza mapema, aeleze tarakimu moja ya bango lao: imetoka wapi, imehesabiwaje, na nini kingeifanya ibadilike.

Swali hilo la mwisho lina kazi halisi sasa hivi. Utafiti wa picha za setilaiti zilizohesabiwa kwa akili mnemba, uliochapishwa mwaka 2025, ulipata nyumbu wanaohama chini ya 600,000, yaani pungufu ya nusu ya ile 1,300,000 iliyozoeleka kwa hesabu za ndege. Huenda njia mbili za kuhesabu zinaona vitu tofauti: wanyama walio chini ya miti, waliokuwa nje ya eneo lililopigwa picha, au makadirio yaliyopandishwa kutoka sampuli ndogo. Lipeleke darasani kama lilivyo. Wabandue maharage, wabakize 60, wapake rangi upya punje moja, na wahesabu tena asilimia ya waliokufa mtoni. Safari hii itatoka moja na kidogo. Kisha waulize kama sentensi waliyoandika chini ya bango la kwanza bado inasimama.